Benchi la Kabla, Benchi la Baada

Wifi yangu anaitwa Mama Plasta, na jina hilo limemganda kuliko plasta yenyewe. Hana mtoto wa kumzaa, lakini nusu ya watu wanaotembea kwa miguu ya bandia katika mji huu wamepita mikononi mwake. Kazi yake ni kuchukua umbo la kigutu, yaani kile kipande cha mguu kinachobaki baada ya kukatwa. Analowesha bandeji za plasta kwenye ndoo, anakizungushia kigutu cha mgonjwa, kisha anakisugua kwa viganja taratibu mpaka plasta ishike kila tundu na kila nundu. Ikikauka anaikata na kuivua, na mguu unaanzia hapo. Mimi nashona mikanda na kuweka bitana za ngozi kwenye meza ya pili kutoka dirishani. Mambo mengi nayasikia nikiwa nimeinama, na nisidhaniwe mmbea. Nifanyeje, niyazibe masikio kwa ngozi?

Karakana yetu iko nyuma ya hospitali, baada ya chumba cha kufulia. Aliijenga Rais wa wakati wa vita, yule ambaye mpaka leo wanaompenda na wasiotaka kumsikia wote wanamwita Mzee. Picha yake kubwa ilikuwa ukutani, mwisho wa reli. Reli tunaita yale mabomba mawili ya chuma, kimo cha kiuno, ambayo mtu mwenye mguu mpya anayashika huku na huku akijifunza kutembea katikati yake. Na mafunzo yenyewe tangu enzi hizo yalikuwa amri moja tu: "Nenda mpaka kwa Mzee, urudi." Hatukujua kufundisha kwa namna nyingine. Mtu akiangalia miguu yake anaanguka, lakini akimwangalia Mzee usoni shingo inanyooka na mgongo unafuata. Hata aliyemtukana asubuhi, mchana alikwenda mpaka kwake akarudi.

Halafu kuna mabenchi. Tuna mabenchi mawili ya kusubiria, moja chini ya dirisha na moja kando ya mlango. Ukija mgeni, kabla hujaketi, utaulizwa: "Wa kabla au wa baada?" Maana yake ni hivi. Vita vilipokuwa karibu kwisha, wenzetu wa upande wa pili walituma watu wa mapatano. Mzee akakataa. Akasema bado kidogo, tutashinda kabisa. Na kweli tulishinda, lakini ndani ya hiyo bado kidogo ilikwenda miguu mingi mno. Basi waliokatika kabla ya Mzee kukataa mapatano wanakaa dirishani, na kwao mguu ulinunua nchi. Waliokatika baada wanakaa mlangoni, na kwao mguu ulitupwa. Sasa mniambie, risasi inajua mambo hayo?

Dirishani bingwa wao ni Sajenti, mzee mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Mlangoni yuko Muuza Mitungi, anayeuza mitungi ya gesi barabara ya sokoni, na yeye hasemi kwa sauti bali kwa kuchoma.

"Bila Mzee," Sajenti anaanza hata kama hajaulizwa, "leo ungekuwa unaomba ruhusa kwa mgeni ndipo upike chai nyumbani kwako."

"Na bila Mzee," Muuza Mitungi anajibu, "leo ningeipika nimesimama kwa miguu miwili."

"Ulitaka tusalimu amri?"

"Nani kasema kusalimu amri? Watu walikuja kuongea, yeye akawafungia mlango."

"Lakini tulishinda!"

"Tulishinda. Haya, niruke kwa furaha. Kwa mguu upi?"

Hapo benchi zima la mlangoni linacheka, benchi la dirishani linanuna. Anatajwa kila mtu: wajane waliopewa pensheni, waandishi waliotiwa ndani, daraja alilolijenga, vijana waliozolewa barabarani na kupelekwa vitani. Baada ya muda Sajenti anamnyooshea mwenzake mkono na kumwomba poda ya kupaka kwenye kigutu, naye anampa bila neno. Mimi nikimsikiliza Sajenti naona ana haki. Nikimsikiliza Muuza Mitungi, naye ana haki. Nimekaa pale miaka, na kila siku narudi nyumbani kichwa kinaniwanga.

Wifi yangu yeye hakuwa na wasiwasi. Alikuwa wa Mzee, basi. Vita vilipoanza alikuwa msichana asiye na baba wala mama, ana mdogo wake wa kiume wa kumlea, na anafua nguo za watu. Mzee akatangaza kwamba wasichana wafundishwe kazi za ufundi kwa sababu wanaume wako vitani. Wifi akaingia karakana akiwa hajui hata kushika tupa, akatoka fundi. Ile picha aliifuta vumbi yeye mwenyewe kila asubuhi kabla ya kuvaa koti la kazi, na ukimgusia mapatano anakujibu, "Mimi najua alichonifanyia mimi," na mazungumzo yameishia hapo.

Na huyo mdogo wake ndiye mume wangu. Mtaani wanamwita Bwana Hapana. Ukimwuliza kama atakula, hapana. Ukimwuliza kama ana njaa, hapana. Nilikubali kuolewa naye kwa sababu nilipomwuliza kama ananidanganya alisema hapana, na mpaka leo sijamkamata kwa uongo, ila kwa mmoja tu, ambao nitaueleza. Mguu wake wa kushoto ulikwenda vitani, chini ya goti, katika ile bado kidogo. Kwa hiyo yeye ni wa baada, tena wa baada hasa. Mzee akisikika kwenye redio, anaizima, hata kama ni redio ya mteja aliyoletewa kutengeneza. Na katika miaka yote hiyo, dada yake akitengeneza miguu ya watu wa kila namna, yeye hakukanyaga karakana. Alitembea kwa magongo mawili.

"Siwezi kufundishwa kutembea na huyo," alisema, na huyo ni picha.

Tungeendelea hivyo mpaka kufa, lakini bega likakataa. Daktari alimbinyabinya bega la kulia, akatazama ile picha ya mifupa, akatuambia bila kuzunguka: bega limelika kwa magongo. Akiendelea nayo litakufa, na hapo hatasimama tena, ni kiti cha magurudumu mpaka mwisho. Mguu wa bandia avae sasa, bega likiwa bado lina nguvu ya kumshikilia kwenye reli, au asivae tena. Mume wangu akasema hapana. Mimi nilitoka nje ya kile chumba nikalia mbele ya watu, wala sikujificha. Tunaishi ghorofa ya pili, jamani, na mimi ndiye ningembeba.

Wifi alipopata habari hakulala. Yeye alikuwa na jambo lake linalomtafuna tangu zamani. Siku mume wangu alipokwenda vitani, yeye dada mtu ndiye aliyemtuma kwenye foleni ya mkate. Kijana hajafikisha hata umri wa jeshi. Hakurudi. Jioni akaja mama mmoja asiyemjua, akaleta kikapu chenye mikate, akasema kijana ameondoka na lori la askari. Wifi aliamini walimzoa kama walivyozoa wengine. "Nilimtuma mimi," alikuwa akiniambia, "ningekwenda mwenyewe angekuwa na miguu yake." Sasa mtu anampenda Mzee namna ile, na hapo hapo anaamini Mzee ndiye aliyemwibia mdogo wake. Anayajumlishaje hayo mawili kichwani? Nilimwuliza. Akaniambia nishone mikanda.

Wakati huo huo serikali ilikuwa imebadilika, na chama kilichoingia hakikumpenda Mzee. Ikaja amri kwamba picha za zamani zishuke katika ofisi zote. Mkuu wetu wa karakana, mtu anayeogopa benchi la dirishani kuliko anavyoogopa serikali, kila akiulizwa alisema ngazi imevunjika. Miezi ikapita, ngazi haijapona.

Basi siku moja wifi akaja kwetu, akasimama mlangoni bila kuketi.

"Nikimtoa Mzee ukutani, utakuja?"

Mume wangu aliweka bisibisi chini.

"Nitafikiria," akasema.

Kwa mtu mwingine hilo si jibu. Kwa Bwana Hapana, mimi nilitaka kupiga vigelegele.

Kesho yake asubuhi, mabenchi yote mawili yamejaa, wifi akapanda kwenye stuli ya plasta akaishusha picha. Pale ilipokuwa palibaki mraba mweupe, ukuta wote mwingine ukiwa umechafuka.

"Mama Plasta!" Sajenti akapaza sauti. "Hata wewe? Wamekununua kwa kiasi gani?"

Muuza Mitungi akapiga makofi. "Hongera, mama. Hatimaye umefumbua macho."

"Funga domo lako!" wifi akamgeukia. "Sikumshusha kwa ajili yenu!"

"Sasa kwa ajili ya nani?"

Akaipeleka picha kabatini. Benchi la dirishani likamwona msaliti, benchi la mlangoni likamwona mwenzao, naye hakuwa hili wala lile. Kwenye reli palikuwa na mwoka mikate, siku yake ya kwanza na mguu mpya, maskini, akasimama akishika mabomba na kuuliza, "Sasa mimi niende mpaka wapi?" Tukamwambia nenda mpaka ukutani. Akaangalia ule ukuta mtupu, akayumba, akaanguka. Walianguka na wengine siku hiyo.

Nilimkuta wifi kwenye stoo ya magunia ya plasta, uso umejaa unga mweupe wenye michirizi.

"Nimemtukana baba yangu," akasema.

"Alikufundisha kazi, hakukuzaa."

"Wewe huelewi."

"Kweli sielewi," nikamwambia, na sikuwa natania.

Jumatatu iliyofuata mume wangu akaja. Niliyasikia magongo yake kwenye korido, nikajichoma sindano. Aliingia, akayapita mabenchi yote mawili bila salamu, akaenda mpaka mwanzo wa reli. Aliutazama ule mraba mweupe.

"Yuko wapi?"

"Nani?" wifi akauliza, na alijua vizuri sana.

"Huyo wenu."

"Nimemweka kabatini. Si kwa ajili yako, mdogo wangu? Si ulisema..."

"Mimi sikusema. Wewe uliuliza, mimi nikasema nitafikiria. Nimefikiria. Mrudishe."

Jamani, nilibaki mdomo wazi. Hata Muuza Mitungi alisahau kuchoma. Wifi alishika kiuno kwa mkono mmoja, bandeji iliyolowa kwa mwingine, na sasa hasira ilimpanda kwelikweli.

"Unanichezea? Nimetukanwa wiki nzima kwa ajili yako! Una lipi na yeye?"

"Nina maneno ya kumwambia. Nitauambia ukuta?"

"Maneno gani? Mtu alikuzoa kwenye foleni kama gunia, mtoto mdogo, na mimi ndiye niliyekutuma, mimi!"

Mume wangu aliinamisha kichwa. Kisha akasema, polepole, lakini sote tulisikia.

"Dada, hakuna aliyenizoa."

"Unasema nini?"

"Lori lilisimama pale kwenye foleni. Askari hata hakuniangalia. Vijana walikuwa wanaimba. Asubuhi ile Mzee alikuwa amesema kwenye redio kwamba nchi inatuita, na mimi niliamini kila neno. Nikamwachia mama mmoja kikapu, nikamwonyesha nyumba yetu, nikapanda. Nilipanda mwenyewe, nikiimba."

"Na miaka yote hii..."

"Niliporudi nilikuta umeshamwambia kila mtu kwamba nilichukuliwa kwa nguvu. Watu wakanihurumia. Niliona aibu. Wewe unampenda Mzee, dada, lakini mimi nilimpenda kukushinda wewe. Halafu niko kitandani, mguu hakuna, nikasikia kwamba kumbe walikuja watu wa mapatano, na yeye..." Alifuta jasho usoni kwa bega lile bovu, akakunja uso kwa maumivu.

Nilidhani wifi atamkumbatia. Nilidhani pia atampiga. Alitazama bandeji iliyokuwa inachuruzika mkononi mwake, akaitupa ndani ya ndoo mpaka maji yakaturukia.

"Panda mezani," akasema. "Kunja suruali."

Alimchukua umbo. Mikono yake ilikisugua kigutu kwa upole wote ule wa kazi yake, na uso ulikuwa mgumu kama wa mtu anayegombana na jirani. Mimi sikujua nimwonee huruma nani. Miaka yote dada alijilaumu kwa kosa ambalo halikuwepo, na mume wangu, mtu wa kweli tupu, aliliona na akanyamaza. Mimi pia nilikasirika naye, nikamwambia nyumbani, nikampa vidonge vyake vyote. Hakusema hapana. Alisema, "Najua."

Tangu hapo wifi hakuzungumza naye ila la kazi. Alimimina kalibu, ule mfano wa kigutu, akaipiga tupa, akaivunja moja akidai imepinda, akamimina nyingine. Plastiki ikatiwa tanurini, unyayo ukafungwa, mikanda nikashona mimi, mishono midogo midogo ambayo sijamshonea mtu mwingine. Picha niliirudisha mimi mwenyewe ukutani. Mkuu alikuja akihema, "Na amri ya serikali je?" Nikamwambia ngazi imevunjika tena.

Siku ya kujaribu mguu, mabenchi yalijaa watu wasio na miadi. Habari zilikuwa zimeenea. Benchi la dirishani lilisema aliyepanda lori akiimba ni mtu wao, hata kama alikatika baada. Benchi la mlangoni lilisema aliyedanganywa na redio ni wao kuliko wote. Wengine walitarajia atapiga saluti, wengine atatema mate. Wifi alimfunga mguu, akavuta mkanda, akauliza kwa ufundi tu, "Unabana?"

"Hapana."

"Nenda mpaka kwa Mzee, urudi."

Akaenda. Bega lilimtetemesha hatua za mwanzo, akasimama, nikaona mishipa ya shingo imemtoka. Nikasema moyoni, likikataa sasa basi tena. Akaendelea. Hakuangalia chini hata mara moja. Alifika mwisho wa reli, akawa uso kwa uso na ile picha. Alisimama pale. Midomo ilicheza. Kisha akaachia bomba kwa mkono wa kulia, akaunyanyua juu taratibu. Sajenti akajiweka sawa. Muuza Mitungi akajiweka sawa.

Mume wangu akashika pembe ya fremu, akaisukuma kidogo.

"Imekaa upande," akasema. Akageuka, akarudi.

Nawaambia, kelele iliyotokea! Sajenti akasimama, machozi yanamtoka, akasema mmeona heshima hiyo. Muuza Mitungi akasema heshima gani, amemweka sawa kwa sababu hakumwogopa. Walibishana mpaka chumba cha kufulia wakaja kuchungulia, na nasikia wanabishana mpaka leo. Nyumbani nilimkalisha mume wangu. Nikamwambia, mimi ni mkeo, niambie mimi, umemsamehe au hukumsamehe?

"Picha ilikuwa imekaa upande," akasema.

"Na hayo maneno uliyokuwa nayo?"

Alifikiri sana. "Nilikuwa nayo yote. Nilipofika, nikaona nimefika kwa miguu, yakapotea."

Mimi naye, basi tena. Sikuelewa, na nadhani hata yeye hakuelewa, na hakuwa anajificha.

Lakini dada mtu bado alikuwa amenuna. Alikuja kwetu Jumapili mchana, akisema amekuja kuangalia kama mkanda unachubua. Aliuangalia, akasema hauchubui, akaketi pembeni ya kochi amekumbatia mkoba wake. Akaongea na mimi tu. Akanieleza habari za gunia la plasta lililolowa, habari ambazo nilikuwepo zilipotokea. Mume wangu akanyanyuka. Tukamsikia jikoni, maji, kiberiti, vijiko. Nilitaka kwenda kumsaidia, wifi akanishika goti, akaendelea na gunia lake.

Ikapita muda. Kisha akatokea mlangoni mwa jiko, bila gongo hata moja, ameshika kikombe cha chai kwa mikono yote miwili.

Tangu anioe sijawahi kumwona amebeba kikombe. Mtu wa magongo mawili hana mkono wa kubebea kitu, kila kitu analetewa, yeye anakaa anasubiri. Na dada yake alikuwa hajamwona amebeba kitu tangu alipobeba kile kikapu cha mkate. Alikuja hatua kwa hatua, macho mbele kama kwenye reli, chai inamwagika kwenye kisahani na kwenye shati. Alinipita mimi, nisiyeletewa chai mpaka sasa, akamfikia dada yake, akakiweka kikombe mikononi mwake. Kilikuwa kimebaki nusu.

Wifi alikishika. Akanywa kidogo. Akaanza kulia, kilio cha sauti, cha mdomo wazi, mabega yanaruka, mkoba umedondoka, wala hakiachii kikombe.

Mume wangu alisimama mbele yake kwa miguu yake miwili, hajui mikono aiweke wapi. Akaniangalia mimi, akamwangalia yeye, amechanganyikiwa kabisa.

"Sukari imezidi?" akauliza.